OK ni kifupi cha nini? Herufi mbili zilizoanza kama utani wa gazeti mwaka 1839

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Wakuu, salaam.

Wiki nzima nina ubishi na mwenzangu wa kazini, mtafsiri kama mimi. Yeye anashikilia kwamba OK ni Kigiriki, eti ni "ola kala", yaani mambo yote mazuri. Mimi nashikilia kwamba ni Kiingereza cha Marekani, tena Kiingereza kilichokosewa kwa makusudi. Tumefika mahali sasa kila asubuhi ananisalimia kwa Kigiriki. Nikaona nilete uzi hapa tumalizane.

Ukimuuliza mtu OK ni kifupi cha nini, hakosi jibu. Mmoja atakupeleka vitani, mwingine atakutajia karani wa reli aliyekuwa akiandika herufi za jina lake kwenye vifurushi, mwingine atakuletea Wajerumani. Hadithi zote tamu. Na mimi kwenye asili ya maneno nina ugonjwa mmoja: hadithi ikiwa tamu kupita kiasi nainusa kwanza, maana nyingi huwa chai.

Nondo ni hii. Aliyetegua kitendawili ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York. Alifukua magazeti ya zamani miaka na miaka, na mwaka 1963 na 1964 akachapisha mfululizo wa makala katika jarida la American Speech. Alichokitafuta ni kitu kimoja tu: herufi hizi zilipigwa chapa lini kwa mara ya kwanza, na aliyeziandika alikuwa anazungumzia nini?

Akaikuta kwenye Boston Morning Post la Jumamosi, tarehe 23 Machi 1839, ukurasa wa pili. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akitupiana vijembe na mhariri wa gazeti la mji wa Providence. Habari yenyewe leo haimchekeshi mtu. Kulikuwa na kikundi cha wacheshi wa Boston waliojiita chama cha kupinga upigaji wa kengele, na walikuwa safarini kwenda New York. Greene akaandika kwamba wakirudi kwa kupitia Providence, huenda mhariri yule akawaandalia sanduku la michango na mengineyo, "o.k. — all correct", na vizibo vya chupa vikaruka juu kama cheche.

Sasa tazameni zile herufi. "All" inaanza na A. "Correct" inaanza na C. Mtu anatangaza kwamba kila kitu ni sahihi huku amekosea herufi zote mbili, na utani wote umelala hapo. Ukiyaandika kwa kirefu yanakuwa "oll korrect".

Ilikuwa fasheni ya wakati ule. Mwaka 1838 na 1839 waandishi wa Boston walipenda kufupisha maneno, halafu ili kunogesha wanayafupisha kwa tahajia mbovu. Walikuwa na O.W. kwa maana ya "all right", kana kwamba yameandikwa "oll wright". Walikuwa na K.Y. kwa maana ya "no use", wakiiandika "know yuse". Msiwashangae, sisi wenyewe tumeandika "cjui", "2po" na "xaxa" kwenye simu, na hakuna aliyetufundisha darasani.

Swali la maana zaidi kwangu ni hili: mbona O.W. imekufa na K.Y. imekufa, OK ikabaki? Nakuja.

Nyundo

Nakaa pale nasubiri. Ila mkuu, mimi nilijua ni vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Kikosi kikirudi bila mtu kufa wanaandika ubaoni sifuri na K, "0 killed". Hiyo imekaa vizuri kuliko hiyo ya kengele.

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Mkuu Nyundo, imekaa vizuri ndiyo, na ndiyo maana inasambaa. Lakini vita ile ilianza 1861. OK ilikuwa imeshapigwa chapa miaka 22 kabla ya risasi ya kwanza. Mtoto hawezi kumtangulia mama yake kuzaliwa.

Hiyo ndiyo raha ya tarehe. Inafuta hadithi nyingi kwa mpigo. Ile ya biskuti za jeshi zenye chapa ya O.K. ni ya vita hiyohiyo, nayo inaondoka.

Naendelea. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena. Alizaliwa mji mdogo uitwao Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la "Old Kinderhook", tuseme Mzee wa Kinderhook. Kifupi chake? O.K. Wakaanzisha vikundi vya kampeni New York wakaviita O.K. Club. Kwa hiyo herufi zilezile zikawa na maana mbili kwa wakati mmoja: mzee wetu, na mambo yako sawa. Ukiwa mpiga kampeni utataka nini tena?

Wapinzani, chama cha Whig, hawakukaa kimya. Wakazigeuza: wakasema ni "Out of Kash", yaani kaishiwa, tena wakaiandika kwa K ili utani usiharibike. Wakazusha pia kwamba asili yake ni Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, kwamba eti alikuwa hajui kuandika, kila karatasi akiikubali anaandika "oll korrect". Uzushi huo ulikuwa wa kumdhalilisha Jackson na kumchafua Van Buren aliyekuwa mtu wake.

Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. OK ikashinda. Mpaka uchaguzi unaisha, nchi nzima ilikuwa imeshaisikia, na uzushi kuhusu asili yake ulikuwa umeshaanza, mwaka mmoja tu baada ya neno kuzaliwa! Watu waliokuwa hai mwaka 1839 walikuwa tayari wanadanganyana.

Mjukuu wa Bibi Saada

Subiri hapo kwa Jackson. Mimi nimewahi kusoma kwamba kuna kumbukumbu ya mahakama ya Tennessee ya 1790 yenye jina la Jackson na imeandikwa O.K. kabisa. 1790 si iko kabla ya 1839? Hapo tarehe inakugeuka, kaka.

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Swali zuri, na hii kumbukumbu ipo kweli, ya wilaya ya Sumner. Inahusu hati ya mauzo ya mtu, wakati wa utumwa. Mwanahistoria mmoja wa karne ya 19 aliisoma akaona O.K., wengine wakanakili kwake. Walioirudia karatasi yenyewe wakakuta ni O.R., kifupi cha "ordered recorded", yaani imeamriwa iingizwe kwenye kumbukumbu. Mkia wa R kwenye mwandiko wa karani ulimponza msomaji. Ukiwahi kusoma mwandiko wa daktari utaelewa.

Mwana wa Ngoma

Naona mnazunguka Boston na Tennessee tu. Mbona hamtaji Afrika? Kiwolof wanasema "waaw" ni ndiyo, na "kay" ni ya kutilia mkazo. "Waaw kay": ndiyo kabisa. Watu walitekwa Afrika Magharibi wakapelekwa mashambani Marekani na lugha zao vichwani. Leo tunaambiwa neno limebuniwa na mhariri mzungu asiyejua kuandika "correct".

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Mwana wa Ngoma, hii nilikuwa naisubiri, na siiweki fungu moja na biskuti. Mwanaisimu David Dalby aliitetea kwa hoja za kisomi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Na si siri kwamba Kiingereza cha Marekani kina maneno yenye asili ya Afrika. "Goober", jina la karanga kule kusini mwa Marekani, linafungamanishwa na "nguba" ya Kikongo.

Tatizo langu ni moja. Gazeti la 1839 limetuwekea neno na tafsiri yake papo hapo, katikati ya fasheni inayofanana nalo. Upande wa Kiwolof tuna maneno yanayofanana kwa sauti, lakini hatuna daraja la kututoa shambani mpaka kwenye meza ya yule mhariri. Kufanana kwa sauti kunadanganya sana. Wafini nao wana "oikea", yaani sahihi. Waskoti wana "och aye", yaani ndiyo bwana. Wagiriki wana yao. Wote hawawezi kuwa baba wa mtoto mmoja.

Mwana wa Ngoma

Sikatai. Ila nikuulize: mtumwa alikuwa na gazeti? Wewe kipimo chako ni kilichopigwa chapa. Aliyenyimwa kalamu atashindwa kesi hiyo kila siku, hata kama haki ni yake.

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Hapo umenibana, nakubali. Kipimo cha maandishi kinampendelea mwenye kiwanda cha chapa. Nabaki na 1839 kwa sababu ndiyo yenye ushahidi, ila sitamcheka anayeendelea kuchimba upande wa Kiwolof. Wa Kigiriki nitaendelea kumcheka.

Mjukuu wa Bibi Saada

Na Wachoctaw je? Wale wenyeji wa Marekani.

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Nao wana "okeh", kwa maana ya "ndivyo ilivyo". Hii ilikuwa na nguvu sana zamani. Rais Woodrow Wilson aliiamini kiasi kwamba akipitisha karatasi aliandika "okeh", na akiulizwa kwa nini hakuandika O.K., anasema ile si sahihi. Profesa wa watu, rais wa nchi, anakosoa tahajia ya neno lililozaliwa kwa kukosea tahajia. Mwaka 1918 ikazaliwa hata kampuni ya santuri ya Okeh, ingawa yenyewe ilitokana na herufi za mwanzo za mwenyewe, Otto K. E. Heinemann. Bahati ilioje kuzaliwa na jina kama hilo.

Fundi Mitambo

Mimi si mtu wa lugha, nachangia upande wangu.

Kwanza telegrafu, ule mtambo wa kutuma ujumbe kwa waya. Samuel Morse alipotuma ujumbe wa maonyesho kutoka Washington kwenda Baltimore mwaka 1844, OK ilikuwa na umri wa miaka mitano. Opereta anahitaji alama fupi ya kumwambia mwenzake "nimeupata ujumbe wako wote". OK ikaingia hapo, na njia za reli nazo zikaichukua. Mleta uzi aliuliza kwa nini ilibaki: siasa iliipa umaarufu, lakini waya ndio ulioipa kazi. Neno lenye kazi halifi.

Pili, kitufe. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka 1983, kitufe cha kukubali hakikuandikwa OK. Kiliandikwa "Do It", yaani tekeleza. Wakawaita watu wa kawaida kuijaribu. Mmoja wao alifika kwenye kile kitufe kila mara akawa anakunja uso. Kumuuliza, akasema: kwa nini kompyuta inaniita "dolt"? I kubwa kwenye mwandiko ule ilifanana na l ndogo, na nafasi kati ya maneno ilikuwa finyu. "Dolt" ni mpumbavu. Wakakibadilisha kikawa OK, na mpaka leo tunabonyeza.

Nyundo

Hahaha! Kompyuta inakutukana na bado unaombwa ubonyeze. Fundi, uzi umeupa nyama.

Basi na mimi niweke yangu, maana napiga mbizi. Chini ya maji OK ni kidole gumba na cha shahada kutengeneza duara, vidole vitatu vimesimama. Ni swali na ni jibu. Nikikuonyesha nakuuliza uko salama, na lazima unirudishie ileile. Usiporudisha nakuja. Siku zangu za mwanzo nilimjibu mwenzangu kwa kuinua dole gumba kama tunavyofanya nchi kavu. Kule chini dole gumba juu maana yake "tupande". Akageuka akaanza kupanda, mimi nikabaki namtazama, hewa ninayo tele, samaki ndio kwanza nimewaona. Nililaumiwa mpaka jioni. Na ile duara msiipeleke kila mahali: Japani inaweza kumaanisha pesa, Brazili ni tusi zito.

Mjukuu wa Bibi Saada

Na anga za juu je, si nao?

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Nao. Tarehe 5 Mei 1961, mwanaanga Alan Shepard aliporushwa, msemaji wa NASA, shirika la anga la Marekani, John Powers, aliwatangazia waandishi kwamba mambo ni "A-OK", na Wamarekani wakaipenda. Tarehe 20 Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kilipogusa mwezi, miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa ni ya Buzz Aldrin akisema OK, injini imezimwa. Kutoka vizibo vya chupa vya Boston mpaka mwezini ni miaka 130.

Binti Kalamu

Kaka Mkoba, asili umeitendea haki, lakini maana umezipita kama gari la abiria lililojaa. Mimi ni mkalimani, na hili neno limenitoa jasho.

Ukiniuliza, OK haina maana ya "nzuri". Inasema "imepita". Ukimwambia Mwingereza kazi yake ni OK, hujamsifu, umemwambia haijaharibika. Mara ya kwanza nilipopeleka tafsiri yangu kwa mteja wa Kiingereza akanijibu "it's OK", nililala usingizi mzito. Hakunipa kazi tena. Baadaye ndipo nikaelewa ni kama mtu aonje mchuzi aseme "unalika".

Halafu kuna "I'm OK". Mtu ameanguka, unamuuliza, anajibu "I'm OK": hajaumia, mzima. Mtu huyohuyo unamkaribisha chakula, anajibu "I'm OK": anakataa! Kwetu hiyo ni "asante, nimetosheka", na nimeona mgeni akipakuliwa sahani nzima kwa sababu mwenyeji alisikia OK akadhani ni ndiyo.

Kwa Kiswahili ukitaka neno moja la kuifuata kila mahali utaumia. Mtu akikubali, ni "sawa", na neno hili tulilipata kwa Waarabu, kwao likiwa na maana ya kulingana. Akitaka mazungumzo yasonge, ile OK ya mwanzo wa sentensi, ni "haya". Akisema "OK, OK!" huku ameinua mikono, ni "basi, yaishe". Wakubwa wakiipa hati OK, wameiidhinisha. Mzee wangu angesema "hewala", na hapo kuna utii ambao OK haina kabisa.

Sasa kisa. Kuna kikao cha biashara nilikalimani, pande mbili zinajadili masharti. Mgeni alikuwa kila akitafsiriwa sentensi anatikisa kichwa: "OK... OK... OK." Mimi nikawa naitoa kama "sawa". Sawa, sawa, sawa. Wenyeji wakaanza kutabasamu, mmoja akatoa kalamu. Mwishoni mgeni akavuta pumzi akasema hakubaliani na hata sharti moja. Kikao kikachafuka, wakanigeukia mimi. Kumbe muda wote ule OK zake zilikuwa za opereta wa telegrafu wa Fundi: nimeupata, endelea. Nilipaswa kusema "ehe" au "naam, nimesikia". Tangu siku hiyo nikisikia OK ya kwanza kikaoni namtazama mtu usoni kabla sijafungua mdomo.

Fundi Mitambo

Dada Binti, hiyo ni itifaki kabisa. Kwenye mitandao ya kompyuta kuthibitisha kwamba ujumbe umefika ni jambo moja, na kukubali kilichomo ni jingine. Mashine hazichanganyi. Binadamu tumeyapa yote mawili herufi mbili.

Nyundo

Na ile ya K peke yake? Unaandika aya tatu, unaeleza moyo wako wote, unarudishiwa "K".

Binti Kalamu

Hiyo mwenye telegrafu hakuhitaji kufupisha zaidi, kwa hiyo aliyekuandikia K ana jambo lake. Mtafute.

Mkoba wa Maneno, mleta uzi

Dada Binti Kalamu, kisa chako kimeupita uzi wangu, nakuvulia kofia. Mwana wa Ngoma, ukipata jipya la Kiwolof litupe hapahapa.

Yule mwenzangu wa Kigiriki nimemtumia uzi wote tangu saa nne. Ameusoma, ninaona ameusoma. Amenijibu herufi mbili tu, na sasa nimekaa hapa sijui amekubali au amepokea.